Siku Brashi Alipokaanga Ndizi

Gari lilikwisha kung'oka, na bado mke wa Brashi alikuwa akitoa maagizo. Kichwa nje ya dirisha, mkono mmoja umeshika kilemba kisipeperuke, mwingine unapunga hewani: uji asubuhi, dawa jioni, mlango wa nyuma ufungwe kwa komeo, si kwa kamba. Dereva wa teksi alikwenda polepole kwa heshima, na Brashi akawa anatembea kando ya gari na ndala zake, akiitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayesomewa hukumu.

"Na ndizi za mama!" mkewe alipaza sauti walipofika kwenye kona. "Ziko kwenye gunia, chini ya ngazi. Nimezivundika mwenyewe. Jumamosi zitakuwa tayari. Umkaangie, umesikia, baba watoto? Amezitaja kwa kinywa chake!"

"Nimesikia!"

"Umesikia nini?"

"Ndizi, gunia, ngazi, Jumamosi!"

Basi gari likashika barabara kubwa likaenda zake. Mkewe alikuwa anakwenda kwa binti yao, ambaye uchungu ulimwanza kabla ya mwezi wake, na safari ya namna hiyo haimsubiri mtu. Brashi akasimama pale kwenye kona mpaka vumbi likatulia, halafu akarudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyekabidhiwa yai la kuazima.

Mtaani walimwita Brashi kwa sababu alikuwa fundi rangi, na kwa sababu nywele zake zilisimama hivyo hivyo tangu ujana. Alipaka kuta, milango, mageti na vibao vya maduka. Alikuwa amefika umri wa kuamkiwa na watu wazima, na katika umri wote huo hakuwahi kukaanga hata yai. Si kwa jeuri. Alitoka mikononi mwa mama akaingia mikononi mwa mke, na jiko likabaki kuwa mahali anapopita akienda kuoga.

Na sasa mama yule yule alikuwa chumbani, amelala, uso ameuelekeza ukutani.

Homa ilikuwa imekwisha. Daktari alisema hivyo, akakunja vyombo vyake, akasema kilichobaki ni kula tu. Lakini hapo ndipo palipokuwa pagumu. Uji alionja kijiko kimoja akafunga mdomo. Supu aliisukuma kwa kiganja cha mkono. Maneno nayo aliyapunguza, siku nzima unapata "hapana" na "baadaye". Mara moja tu alimwambia mkwe wake, kwa sauti ya chini, kwamba labda, kama angepata zile ndizi tamu za kukaanga, labda angejaribu. Mkwe mtu akakimbia sokoni siku hiyo hiyo, akanunua zile ndizi nene ziitwazo mkono wa tembo, zikiwa bado ngumu, akazifunga kwenye gunia ziive taratibu.

Jioni ya siku ile mkewe aliyoondoka, simu ikalia. Alikuwa Dada Mkubwa, dada yake Brashi, muuza vitambaa wa mji wa jirani, mwanamke ambaye sauti yake ya sokoni hakuwahi kuivua hata akiwa kitandani.

"Mkeo kaondoka?"

"Kaondoka, dada."

"Mama kala?"

Brashi akajikuna shingo. "Bado bado."

"Bado bado ni chakula gani? Sikiliza, mdogo wangu. Jumamosi jioni nakuja na gari. Nikimkuta mama hali, namchukua. Sitaki mjadala."

"Dada, hapa ni kwake."

"Na wewe utamlisha nini hapo kwake? Tapentaini?"

Simu ikakatwa. Brashi akabaki ameishika sikioni.

Hakuwa na kinyongo na dada yake. Dada naye alimpenda mama kama yeye, pengine zaidi, maana alikuwa wa kwanza kumfahamu. Ila Dada Mkubwa alikaa ghorofa ya nne. Mama magoti yalikwisha kumsaliti kitambo. Angepandishwa ngazi zile amebebwa, akalazwa kwenye chumba kizuri chenye pazia zuri, na huko asingemjua hata mtu wa kumsalimia. Brashi alijua, kama alivyojua rangi za mikebe yake bila kusoma maandishi, kwamba mama akipanda ngazi zile hatashuka kwa miguu yake. Kwa hiyo neno lilikuwa moja tu: mama ale. Ale kabla ya Jumamosi jioni.

Alijaribu uji, ukashindwa. Alijaribu mkate kwenye maziwa, ukarudi ulivyokwenda. "Baadaye," mama aliuambia ukuta.

Jumamosi asubuhi akafungua gunia.

Akarudi nyuma hatua moja. Ndizi zilikuwa nyeusi. Si madoadoa, nyeusi, ganda limesinyaa, na alipoigusa moja kidole kikazama. Sasa, fundi rangi husoma dunia kwa macho. Ukuta ukifanya weusi, ni ukungu. Mlango ukitoka weusi kwa chini, maji yameingia na mbao imeoza. Katika kazi yake yote weusi haukuwahi kumletea habari njema.

"Maskini mke wangu," akasema peke yake. "Haraka za safari."

Akaamua hatamwambia kamwe, asije akajilaumu huku akiwa na mzazi mikononi. Akalibeba gunia kwa ncha za vidole, akaliweka nje ya geti, mahali wanapopita watu wa mkokoteni wa taka, akanawa mikono kwa sabuni, akaenda sokoni.

Muuza ndizi alikuwa mama mmoja mnene aliyekaa juu ya kreti. "Za kukaanga leo, au za kuweka?"

"Za leo leo. Za mgonjwa."

Mama yule akamsogezea chana lenye madoa meusi. Brashi akacheka kwa pua.

"Mama, mimi si mgeni mjini. Hizo zimekudodea. Nipe zile."

Alionyesha ndizi za njano, njano safi isiyo na doa, zimenyooka, zinang'aa. Ilikuwa njano ile ile aliyoipaka kwenye mlango wa duka la viatu mwaka juzi, na mpaka leo watu wanausifu. Muuzaji akamtazama juu mpaka chini, akaona huyu ni mteja wa kuachiwa uamuzi wake, akamfungia.

Nyumbani akamenya kwa shida, maganda yameng'ang'ania kama gundi. Akakata, akakaanga. Vipande vikatoka vimepauka, vigumu, kingo zimekauka. Akavipanga kwenye sahani nzuri ya wageni akampelekea mama.

Mama akageuka. Kugeuka kwenyewe kulikuwa tukio. Mama akachukua kipande, akakiuma, akakitafuna, akakitafuna tena. Akakitoa mdomoni akakirudisha kwenye sahani.

"Umenikaangia ubao?" akauliza.

Akageukia ukuta wake.

Brashi akatoka na sahani yake, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akashika tama. Jua lilikwisha kupita utosini. Dada Mkubwa lazima alikuwa barabarani tayari, na Brashi alimwona kabisa, amekaa mbele na dereva, anampangia jinsi ya kuendesha. Akaonja kipande kimoja. Mama hakumwonea. Ubao ungekuwa afadhali, ubao una harufu.

Hapo ndipo harufu ilipomjia. Si kutoka kwenye sahani, bali juu ya ukuta wa jirani: harufu tamu, nzito, ya kitu kinachobadilika kuwa asali ndani ya mafuta. Mate yakamjaa. Akasimama bila kujua kwamba amesimama.

Upande wa pili wa ukuta alikaa msusi, mwanamke mwembamba mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alisukia wateja wake uani. Brashi alipobisha akamkuta mteja mmoja kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, wengine wawili kwenye mkeka, na katikati yao sahani ya ndizi za kukaanga zenye rangi ya kahawia inayometa.

"Karibu, shemeji!" msusi akasema. "Umefuata harufu kama paka."

Lakini Brashi hakuwa akiiangalia sahani. Alikuwa akiliangalia gunia kando ya jiko. Analijua gunia lake, lina doa la rangi ya kijani pembeni.

"Hilo gunia..."

"Nimelikuta getini kwenu. Safi, limefungwa vizuri, ndizi zimeiva mpaka basi. Nikasema, jirani zangu wametajirika, siku hizi wanatupa sukari."

"Zilikuwa zimeoza," Brashi akasema, ila sauti ilikwisha kumwishia njiani.

Wanawake wote wanne wakaangua kicheko kwa pamoja. Yule wa nusu kichwa alicheka mpaka msuko ukamponyoka msusi.

"Zimeoza! Shemeji, ndizi hii ikiwa nyeusi ndiyo imeiva. Ile ya njano bado inajifikiria."

"Mtu mzima na ndevu zake," akasema mmoja wa mkekani.

"Mwacheni, huyo akiona kitu cheusi anakipaka rangi!"

Siku nyingine Brashi angejibu, maana naye si haba kwa maneno. Siku hiyo aliwaacha wamalize. Kisha akasema, "Nilikuwa nimewekewa za mama. Mama hali. Amezitaka hizo tu. Dada yangu yuko njiani, akifika hajala, anamchukua."

Kicheko kikakatika. Yule wa mkekani aliyekuwa na kipande mkononi akakirudisha kwenye sahani taratibu, kana kwamba kimemuunguza.

Msusi akainama kwenye gunia. "Zimebaki tatu, shemeji. Nyingine ndizo hizi. Tungejua..." Akazifuta vumbi kwa kanga yake. "Nikukaangie? Dakika chache tu, moto upo."

Lilikuwa jambo la busara kukubali. Brashi akalifikiria. Halafu akamwona dada yake mlangoni akiuliza nani kapika, na yeye akijibu kwamba ni jirani. Kesho je? Keshokutwa? Mama hawezi kuishi kwa kuombewa ukutani.

"Ahsante, shemeji. Nitakaanga mwenyewe."

Wanawake wakatazamana.

"Basi kata mshazari," msusi akasema, "na usilipe jiko mgongo."

Safari hii ganda lilivuka lenyewe. Alipolipasua kwa kisu kwa urefu likafunguka, na ndani mlikuwa na ndizi ya rangi ambayo hakuitarajia, kama machungwa yaliyokolea. Brashi akasimama akaitazama. Chini ya weusi wote ule kumbe kulikuwa na kitu kama hicho, na yeye alikuwa amekitupa kwa watu wa taka.

Akakata mshazari. Kwa haraka akawasha jiko mpaka mwisho, mafuta yakaanza kufuka moshi, naye akamimina ndizi nzima ya kwanza kwa mkupuo. Mafuta yakapiga kelele kama watu waliokosana. Vipande vikagandana. Akatafuta mwiko, mwiko hakuuona, akauona, akageuza, chini kumekuwa makaa. Na juu bado kubichi.

"Zinaungua!"

Brashi akaganda. Sauti ilitoka chumbani.

"We mtoto! Zinaungua! Punguza moto, unataka kuchoma nyumba?"

Haikuwa "hapana" wala "baadaye". Ilikuwa ile sauti yenyewe, ya zamani, iliyokuwa ikimtoa mtini, ikimtoa mtaroni, ikimtoa usingizini siku za shule. Brashi akapunguza moto upesi upesi.

"Nimepunguza, mama!"

"Hizo zimeshakufa, zitoe! Umeweka ngapi?"

"Ndizi nzima."

"Nzima! Kwa mkupuo!" Kikafuata kikohozi, kisha kitanda kikalia. "Hivi nilizaa nini mimi."

Akasikia ndala zinakokotwa. Akataka kukimbilia kumshika, akakumbuka aliloambiwa, asilipe jiko mgongo, akabaki katikati kama mlango uliokwama. Mama akatokea, mkono mmoja ukutani, kanga begani, amekonda, macho yamezama, na amekasirika vizuri kabisa. Brashi akamsogezea kiti kwa mguu huku mkono uko kwenye mpini wa kikaango.

"Wacha kunitazama mimi. Tazama mafuta."

"Ndiyo, mama."

"Toa hayo makaa. Haya. Chovya ncha ya kipande kimoja. Inatoa povu dogo dogo? Sasa weka vichache. Vipe nafasi, si mkutano huo."

Akaweka vichache. Vikatulia kwenye mafuta vikinong'ona. Harufu ikaanza kupanda, ile ile ya upande wa pili wa ukuta, ila hii ilikuwa ya nyumbani kwake.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke, Brashi akatulia. Maana kilichokuwa mbele yake alikifahamu. Kulikuwa na rangi inayoingia taratibu, tabaka juu ya tabaka, kutoka pembeni kuja katikati. Kwanza njano. Kisha dhahabu. Kingo zikachukua wekundu. Aliwahi kusimama hivi mbele ya mlango wa mninga akisubiri vanishi ikolee. Ukiharakisha inapauka, ukichelewa inakuwa matope, na katikati kuna kitambo kifupi ambacho macho lazima yakikamate.

"Geuza," mama akasema.

Akageuza. Upande wa juu ukatokea unametameta.

"Sasa toa."

"Bado, mama."

"Nimesema toa. Nimekaanga kabla hujaota meno."

"Bado kidogo. Rangi haijakubali."

Mama akavuta kanga begani. Akaegemea mbele kwenye kiti. Wakatazama wote wawili kikaangoni. Ile rangi ya dhahabu ikaingia ndani, ikatoka nyingine, kahawia yenye wekundu chini yake, inayong'aa kama imepigwa msasa na kupakwa tena.

"Sasa," Brashi akasema, akaviopoa vyote kwa mpigo mmoja, hata kimoja hakikupitiliza.

Hakutafuta sahani ya wageni. Akaviweka kwenye mfuniko wa sufuria, akaupuliza, akamwekea mama mapajani.

Mama akachukua kipande. Akakiuma. Brashi akawa anaangalia koo lake, si uso. Akaona kinashuka.

Mama akautazama mfuniko. Akachukua cha pili. Akalamba kidole gumba. Akachukua cha tatu, na hapo akainua macho.

"Kuna nyingine, au ndiyo basi?"

"Ipo ya mwisho."

"Sasa umesimama unangoja nini?"

Brashi akageukia jiko. Ilibidi ageuke hata kama lisingekuwepo jiko, kwa sababu uso ulikuwa unamfanyia mambo.

Gari la Dada Mkubwa likasimama nje wakati kundi la mwisho liko kwenye mafuta. Mlango wa mbele ukafunguka bila hodi. "Haya! Mkoba wa mama uko wapi? Nimekuja na blanketi na mto. Mdogo wangu! Na huo moshi ni wa nini, umeanza kuchemsha rangi?" Akaupita ukumbi wote, blanketi kwapani, akafika mlango wa jikoni akasimama.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti, midomo inang'aa mafuta, mfuniko wa sufuria mapajani umebaki mtupu.

"Shikamoo, mama," Dada Mkubwa akasema, kwa sauti ndogo ambayo wengi hawakuijua kwamba anayo.

"Marahaba. Funga mlango, upepo unachezea moto wa mwenzako."

"Umekula?"

"Nakula. Kuna tofauti."

"Nani kapika?"

Mama akaonyesha kwa kidevu. Dada Mkubwa akamtazama mdogo wake: shati lina mafuta, nywele zimesimama, mwiko mkononi, na hatoi jicho kikaangoni hata kwa ajili yake. Akaviopoa vipande, akamgawia mama vitatu, akabakiza kimoja kwenye ncha ya uma akamnyoshea dada yake.

Dada Mkubwa akala akiwa amesimama, blanketi bado kwapani. Akatafuna muda mrefu kuliko kipande chenyewe.

"Nani kakufundisha?"

"Mimi nimemfundisha," mama akasema. "Moto tu. Hiyo rangi ni yake mwenyewe."

"Mama, gari liko nje. Nilisema kwamba..."

"Nimekusikia tangu getini, na jirani wamekusikia. Siendi popote. Huyu bado hajajua kununua ndizi. Aliniletea ubao asubuhi. Nikiondoka nani atamwambia?"

Dada Mkubwa akalitoa blanketi kwapani. Akaliweka kwenye meza. Akachukua kikaango, akakipeleka kwenye karai, akaanza kukisugua huku amewapa mgongo, na alikisugua kwa muda mrefu mno. Wala hakuna aliyemharakisha. Mwishowe akasema, bila kugeuka, "Kumbe una mikono, wewe."

Brashi, jasho linamtiririka, harufu ya ndizi imeingia mpaka kwenye nyusi, akavimba kichwa kisawasawa. Alikuwa amepaka majumba ya ghorofa, alikuwa amepaka geti la shule kutoka mwanzo hadi mwisho peke yake, na hakuwahi kujisikia hivyo. Akaenda kwenye ukuta wa uani, akapanda juu ya ndoo, akapaza sauti.

"Shemeji! Kala!"

Na upande wa pili wa ukuta wanawake wote, na yule wa nusu kichwa akiwemo, wakapiga vigelegele.

Dada Mkubwa alilala hapo usiku mmoja akarudi kwake na gari tupu. Alikuja tena kila mwezi, na kila mara aligombana na mtu. Mama alipata nguvu, akaanza kukaa barazani asubuhi, akaishi katika nyumba ile misimu miwili ya mvua, kisha akafa kitandani mwake, akazikwa kando ya baba yao. Mke wa Brashi alirudi binti yao alipopona, akayakuta madoa ya mafuta kwenye ukuta wa jiko, akauliza, akaambiwa yote. Msusi alihamishia kazi yake kwenye chumba cha kupanga upande wa pili wa barabara, na ana wasaidizi wawili. Brashi bado anapaka rangi, milango zaidi kuliko kuta, kwa ajili ya mgongo. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ni wa kike. Ameanza shule mwaka huu.